Kengele ya Verna

Orval Haskett alikuwa na maneno manne aliyoyarudia mpaka watu wakamchoka: bunduki kwanza, mguu baadaye. Ukiwa juu ya farasi na unataka kushuka, chomoa bunduki kwenye ala yake ya ngozi kabla hujatoa mguu kwenye kikuku cha tandiko. Basi, hakuna falsafa hapo. Farasi ni mnyama mwenye mambo yake. Ukishuka mikono mitupu, akashtuliwa na kindi na kutimua mbio, bunduki inakwenda naye, nawe unabaki mlimani na kofia yako. Na milima ya Absaroka ina dubu, tena si wale wa kukimbia ukipiga makofi.

Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Miaka thelathini na minne aliendesha katapila la wilaya la kuondoa theluji barabarani, akastaafu, akapewa keki na saa ambayo mpaka leo haijui majira. Gazetini alitajwa mara mbili: alipozaliwa, na alipomwoa Verna. Lakini kila Oktoba, tangu akiwa na ndevu za kuhesabika, alichukua likizo, akapakia nyumbu wake mizigo, akapanda farasi na kupotelea milimani kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wenye pembe za matawi. Ni mwendo wa siku mbili. Magari hayaruhusiwi huko juu, hata baiskeli, na Orval alisema hilo ndilo jambo la pekee la maana ambalo serikali imewahi kulifanya.

Bunduki yake ilikuwa ya baba yake, ile ya wenzo chini ya triga: unaushusha, unaupandisha, kla-klak, risasi imekaa. Watu wa siku hizi hupanda na bunduki ndefu zenye lenzi kama chupa, wakampiga elki ambaye hata harufu yake hawajaisikia. Orval aliwadharau waziwazi. Alisema mnyama asipokuwa karibu kiasi cha kumwona akipepesa macho, huyo si wako, mwache aende.

Sasa hiyo kengele. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Verna ndiye aliyekuwa mpishi na, tuseme ukweli, mkuu wa kambi. Kaka yake Orval akashuka farasi bila bunduki, farasi akakimbia nayo bondeni, akajigaragaza juu yake, kitako cha bunduki kikavunjika vipande viwili. Verna hakugomba. Alikwenda kwa farasi jike anayewaongoza nyumbu, akamvua kengele shingoni, akamvisha shemeji yake. "Utaosha vyombo vya kambi nzima mpaka tushuke," akamwambia, "na utaviosha ukiwa umevaa hiyo, ili tukusikie usije ukapotea tena." Tangu hapo ikawa sheria. Wengi wameivaa kengele ile. Clete, mkwe wake Orval, ameivaa mara mbili, na mara zote mbili mzee alikaa karibu na beseni akimhesabia vijiko.

Orval hakuwahi kuivaa. Miaka hamsini na moja, hata mara moja. Na alivyojua kuringa nalo, mungu wangu!

Verna alifariki, ni mwaka wa tatu huu. Baada ya mazishi binti yao, Marlys, alikuja kuketi na baba yake mezani jikoni. Marlys ni mtu wa maneno machache. Hilo amelitoa kwa mama yake.

"Baba, sitaki upande tena mlimani peke yako."

"Sipandi peke yangu. Nipo na nyinyi."

"Kambini, ndiyo. Kuwinda unakwenda peke yako. Una miaka sabini na miwili. Siku kichwa kikikuchezea huko juu, tutakuokota wakati theluji inayeyuka."

Mzee akakasirika, akanywa kahawa iliyokwisha kupoa. Kisha akatamka neno ambalo baadaye alilijutia kuliko yote. "Haya. Siku nitakapoiacha bunduki kwenye farasi nikashuka mikono mitupu, nitajua mwenyewe kichwa kimekwisha. Siku hiyo ninyang'anye mlima. Nitakupa ala ya bunduki kwa mkono wangu na sitakuuliza kitu."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Orval alilala vizuri sana usiku ule, maana aliona ameahidi kitu kisichowezekana kutokea.

Miaka miwili ikapita salama. Wa tatu, mwezi Julai, nyonga yake ya kushoto ikaanza kumletea maneno. Farasi hupandwa na kushukiwa kushoto. Ndivyo walivyofundishwa, watu na farasi. Sasa kila aliposhuka, uzito wote ukiangukia ule mguu wa kushoto, aliona nyota mchana. Akamwambia nani? Hakuna. Alikwenda nyuma ya ghala na farasi wake jike mwekundu, Tansy, na Agosti nzima akamzoeza kupandwa na kushukiwa upande wa kulia. Tansy mwanzoni alimgeukia na kumtazama kama mtu anayevishwa viatu na mtu mwingine. Mwishowe akakubali.

Ila ala ya bunduki ilibaki palepale, kushoto, chini ya kikuku, ilipokaa miaka yote. Angeihamishia kulia, Marlys angeiona siku ileile, angeuliza, na swali moja la Marlys huvuta mengine kumi. Kwa hiyo mzee akabuni utaratibu wake: ainame kushoto, achomoe bunduki, aivushe juu ya tandiko, ndipo ashukie kulia. Utaratibu mzuri kabisa kwa mtu asiye na haraka.

Oktoba ikafika, wakapanda mlimani, na siku ya tatu ya kuwinda waliachana kambini alfajiri. Marlys na Clete walishika bonde la mashariki. Orval alijizungusha nyuma ya hema kana kwamba anakwenda haja, akampanda Tansy kutoka juu ya gogo, kulia, akapandisha kijito. Theluji ilikuwa imeanguka kidogo, kina cha vidole viwili, safi. Hewa iliuma puani. Aliimba polepole, vibaya, na alikuwa na raha isiyo na sababu, raha ile ya mtu aliyekunywa kahawa mbili na hadaiwi mazungumzo na yeyote.

Karibu na mgongo wa kilima, dume likapiga mluzi.

Aliyeusikia mluzi wa elki dume kwa karibu hahitaji kuelezwa. Huanzia chini kama mlango mzito, ukapanda juu mpaka ukakatika. Ulitokea hapo hapo ng'ambo ya mgongo. Moyo wa mzee ukaruka. Akaangusha hatamu chini, maana Tansy amefundishwa kusimama hatamu ikigusa ardhi, akateleza kulia, mguu haukuuma hata kidogo, na akaondoka ameinama mbiombio kama kijana. Hatua mia na ushei. Akalala kifudifudi ukingoni, akachungulia.

Lilikuwa limesimama hatua hamsini, ubavu wote wazi, pembe zenye matawi sita kila upande, mvuke ukitoka puani. Lilipepesa macho. Aliliona likipepesa.

Orval akanyoosha mkono kando yake kuchukua bunduki.

Mkono ukashika theluji.

Akapapasa tena, huku na huku, kama anatafuta miwani kitandani. Kisha akaelewa. Ukimuuliza leo atakwambia hakuliwaza dume lile hata kidogo. Aliwaza meza ya jikoni na mkono wa binti yake.

"Mjinga wewe," akajiambia kwa kunong'ona. "Mzee mjinga."

Akarudi nyuma kwa magoti. Alipogeuka, akamkuta Tansy amekwisha kufika katikati ya njia, akitafuna nyasi zilizochungulia theluji, hatamu ikiburuta. Huo usimamaji wake aliofundishwa huwa una mipaka yake. Na bunduki iko ubavuni mwake, imetulia, haina habari. Mzee angeweza kumkumbatia.

Sasa elki hamwogopi farasi. Mtu wa miguu atamkimbia kilomita nzima, lakini miguu minne humtazama na kuendelea na shughuli zake. Orval alizunguka kushoto, akachomoa bunduki, akaokota hatamu, akamwongoza Tansy polepole kuvuka mgongo, yeye amejificha begani mwa farasi, hatua kwa hatua kama wazee wawili wanaokwenda kanisani. Dume likainua kichwa, likamwangalia Tansy, likaona ni mnyama tu. Mzee akaachia hatamu, akajitokeza mbele, mbali na kichwa cha farasi, akapiga goti la kulia. Kla-klak. Dume likageuza shingo. Mlio mmoja. Likaenda hatua nne, likakunja miguu ya mbele, likalala.

Akavua kofia, akasimama nayo mkononi mpaka lilipotulia kabisa, kama baba yake alivyomfundisha. Ilikuwa nyama ya majira yote ya baridi, kwa nyumba mbili. Alifurahi, nani asifurahi? Lakini furaha yenyewe ilikuwa na kijiwe ndani yake.

Alipomaliza kulipasua na kutoa ini na moyo, kijiwe kile kilikuwa kimeanza kusema naye vizuri. Nani ameona? Tansy, naye hasemi. Elki yuko chini, tena kwa risasi moja. Kichwa kilichokwisha hakiwezi kufanya mambo kama yale ya kujificha nyuma ya farasi, au vipi? Akampanda Tansy kutoka juu ya jiwe, na mpaka anafika kambini, mzee alikuwa amekwisha kujisamehe kabisa.

Marlys na Clete walikuwa wamerudi mikono mitupu. Clete alipoona ini kwenye mfuko alipiga ukelele. "Mzee! Hatua ngapi?"

"Hamsini."

"Muongo wewe!"

"Nenda kapime na miguu yako mirefu."

Wakachukua nyumbu wawili, Seneta na mwenzake, wakapanda kuifuata nyama. Seneta aliitwa hivyo kwa sababu hula sana na hasogei mpaka abembelezwe. Walipokaribia mgongo wa kilima, Marlys, aliyekuwa mbele, akasimamisha farasi wake. Akaangalia chini. Mzee akajua, akajua hapohapo, maana theluji ilikuwa haijaguswa na mtu mwingine tangu asubuhi, na kusoma nyayo alimfundisha yeye mwenyewe, akiwa na miaka sita.

Nyayo za mtu zilikwenda mpaka ukingoni. Zikarudi. Zikaenda tena, safari hii na za farasi kando yake.

"Mbona ulirudi, Baba?"

"Nilisahau darubini."

Marlys akamtazama kidogo. "Aha," akasema, akaendelea kupanda.

Kazi ya kukata na kupakia ilichukua saa tatu. Clete aliimba na kutukana mafundo. Orval alifanya sehemu yake kimya, na kila alipoinama kitu kilimgonga kifuani, kikamgonga tena. Alipokuja kukitazama, ilikuwa darubini yake. Ilikuwa shingoni mwake. Ilikuwa shingoni mwake tangu alfajiri, kama kila siku ya maisha yake ya uwindaji, na Marlys alikuwa amesimama mbele yake anaiona.

Akahisi masikio yanamwaka moto. Kusahau bunduki ni jambo moja. Lakini kumdanganya mtoto wake, tena uongo wa kitoto, tena karibu na mnyama aliyemvulia kofia! Verna angemwita kwa majina yake yote matatu, kama alivyofanya kila alipokasirika.

Jioni, jua likiwa bado kwenye vilele, walikula ini na vitunguu na viazi, na chapati nene za hamira ambazo Clete huziunguza upande mmoja kila siku ya Mungu. Kwa kawaida usiku wa ini ndio usiku wa mzee kusimulia. Hakusimulia. Clete akamchokoza, "Haya mzee, tuanzie wapi leo, kwenye hatua hamsini au kwenye pembe?" Orval akasukuma sahani, akainuka kwa kushikilia mlingoti wa hema, akaenda kwenye msumari iliponing'inia kengele, akaitungua. Akajivisha. Ikalia klong juu ya kifua chake.

Clete akaacha mdomo wazi na chapati ndani.

"Nilishuka bila bunduki," akasema mzee. "Nikafika mpaka ukingoni, dume liko mbele yangu, mimi nashika theluji. Halafu nikamdanganya binti yangu."

"Darubini ilikuwa shingoni, Baba," akasema Marlys.

"Najua."

"Ipo mpaka sasa."

"Najua, Marlys!"

Hapo Clete hakuweza tena. Alicheka mpaka akajipigapiga magoti. "Miaka kumi na tisa! Miaka kumi na tisa nimeisubiri siku hii, mzee wangu! Nipeni vijiko nihesabu!" Hata mzee akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Lakini Marlys hakucheka, na mzee akaona kwamba hajasahau.

"Neno nililisema mwenyewe," akamwambia. "Sina la kujitetea. Mlima ninyang'anye."

"Tangu lini unashukia kulia?"

Mzee akaishika kengele isilie.

"Theluji imesema yote, Baba. Umeshukia kulia, na umepandia kulia kutoka juu ya jiwe. Tangu lini?"

"Agosti. Nyonga."

"Na ala iko kushoto."

"Ningeihamisha ungeuliza."

"Ningeuliza, ndiyo!" Kwa mara ya kwanza akapaza sauti. "Ningeuliza kwa sababu kuna dubu, na mama hayupo, na nimebakiwa na mzazi mmoja naye ni mjinga!"

Moto ukapasua kuni. Orval alitaka kumshika mkono, akaona kengele italia, akaacha.

Marlys akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Osha vyombo," akasema. "Adhabu kwanza, mengine baadaye." Akatoka nje.

Basi mzee akakunja mikono ya shati, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akaanza. Kila akisugua, klong. Clete alikaa kando akihesabu vijiko kwa sauti, lakini polepole, kwa huruma, kisha akaacha mwenyewe. Pazia la hema lilikuwa limefungwa kando, na kupitia hapo Orval aliona tandiko lake juu ya gogo la kuwekea matandiko, na Marlys amesimama mbele yake.

Akamwona anashika ala ya bunduki. Akamwona anafungua mkanda wa kwanza, halafu wa pili, anaitoa kabisa.

Mzee akashusha macho kwenye beseni. Sawa. Alisema atampa kwa mkono wake, naye mtoto amemwondolea hata aibu hiyo. Alimshukuru kwa hilo. Akaziwaza Oktoba hamsini na moja. Mtu mwingine hapati hata tano. Akasugua sufuria moja muda mrefu sana, na machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyaficha kwa kuwa mvuke ulikuwa mwingi.

"Mzee," akasema Clete taratibu. "Tazama nje."

Marlys alikuwa amezunguka upande wa pili wa tandiko. Upande wa kulia. Alikuwa amepiga goti, msumari wa kutobolea ngozi kati ya meno, ala ikiwa imelala chini ya kikuku cha kulia, mdomo wake ukielekea mbele, mahali hasa ambapo mkono wa mtu anayeshukia kulia unapita. Akakaza mkanda, akaujaribu kwa kuuvuta mara mbili kama mama yake alivyokuwa akijaribu kila fundo, akatoboa tundu jipya.

"Na kesho nakuja nawe!" akapaza sauti bila kugeuka. "Kibali changu cha kuwinda bado kina elki. Na ukiniacha nyuma nitakufuata kwa nyayo, unajua naweza!"

Orval akajifuta uso kwa kiwiko, kengele ikalia, akavuta pumzi.

"Clete," akasema, "nipe na lile sufuria jingine."